Kadi Iliyoandikwa kwa Wino

Katika chumba cha wafasiri, juu ya mahakama, kulikuwa na sanduku la bati lililojaa kadi. Kila neno la Kiingereza cha kizamani, kile cha mawakili waliokwisha kuoza makaburini, lilikuwa na kadi yake. Sheria ilikuwa moja: maana ya kubahatisha huandikwa kwa penseli, iliyohakikiwa kwa wino. Ukiona wino huulizi. Unanakili, unaandika nyuma ya kadi jina la mwenye faili, unakwenda zako kunywa chai.

Mkuu wa chumba walimwita Mama Kamusi, na alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali. Alibakiza miezi miwili astaafu. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa uji wa mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, aliyekuwa akiishi naye, na akaja kazini kulinganisha wosia mmoja na tafsiri yake. Kesi ilikuwa saa tano. Tafsiri ilisema marehemu kamwachia mkewe vyombo vya nyumbani, basi. Nyumba ilikuwa inakwenda kwa mtoto wa kambo, na huyo bwana alikuwa keshafika mahakamani na fundi wa kubadilisha vitasa. Wengine hawana hata haya!

Mama Kamusi akasoma Kiingereza chenyewe. Neno lilikuwa messuage, pamoja na jiko la nje na kisima chake. Kidole kikasimama. Vyombo gani hivyo vyenye kisima?

Akaitoa kadi. Wino. Na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa miaka ishirini na miwili nyuma, wiki yake ya kwanza kazini, alipopewa orodha ya maneno ayajazie kadi. Akakumbuka kila kitu: penseli iliyovunjika, kichongeo kilichokuwa mezani kwa mkuu wa wakati ule, Mzee Ngurumo, ambaye ukimuuliza neno alikurushia faili usoni. Aliogopa kunyanyuka. Akabahatisha kwa kalamu, akajiambia atarekebisha kesho. Kesho gani, jamani? Mzee mwenyewe kafa, kesho haijafika.

Akaishusha kamusi kubwa kutoka juu ya kabati. Akafunua kwa pupa hata akachana pembe ya ukurasa. Messuage: nyumba ya kuishi, pamoja na mabanda yake na uwanja wake.

"Nimekwisha," akasema kwa sauti.

"Shikamoo, mama," mfasiri mdogo akachungulia mlangoni. Ndiye aliyeitafsiri ile karatasi. "Karani anaiulizia. Kuna mahali nimekosea?"

"Hujakosea wewe. Umefuata wino. Mwambie asubiri."

Saa nne na nusu. Alikaa pale jasho likimchirizika mgongoni. Angeweza kunyamaza. Kadi ni karatasi tu, inachanika, na nani angejua? Ibilisi akiongea huwa hana haraka, huvuta kiti kabisa. Angeweza kustaafu kwa heshima, akapewa saa ya ukutani na hotuba. Akaishika kadi kwa mikono miwili aichane, na ikamgeukia upande wa nyuma, kwenye majina.

Yalikuwa tisa. La mwisho lilikuwa la wosia wa leo. La kwanza kabisa lilikuwa la mume wa mama mdogo.

Hakuwahi kuliona. Mfasiri haonyeshwi faili la jamaa yake, na wakati ule alichosikia ni maneno ya mashemeji wa mama mdogo tu: kaachiwa vyombo. Alikwenda mwenyewe saa ya chakula, na nguo za kazi, akambebea mama mdogo kitanda na sufuria tatu. Na tangu siku hiyo mama mdogo hakulitaja tena jina la mumewe. Akimtaja humwita yule wa sufuria, kisha hutema mate.

Mama Kamusi alishuka ngazi, kadi nzima mkononi. Alipoingia, mtoto wa kambo alikuwa akitabasamu na mjane ameukumbatia mkoba wake kifuani.

"Mheshimiwa jaji, tafsiri ina kosa," akasema. "Na kosa ni langu."

"La neno moja?"

"Neno moja, mheshimiwa. Nyumba tisa. Hii tu ndiyo tumeiwahi."

Fundi akaweka bisibisi yake sakafuni. Jaji aliisoma kadi mbele na nyuma. Akaamuru mjane asiguswe, mafaili yote tisa yaletwe, na Mama Kamusi aache mhuri wake wa ufasiri mezani na kwenda nyumbani kungoja barua. Mjane hakusema ahsante. Alimtazama tu, na Mama Kamusi akainamisha macho. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alimkuta mama mdogo uani, anasugua sufuria kwa majivu.

"Mbona mapema? Unaumwa?"

Alidhani jaji ndiye aliyekuwa wa kuogopwa. Hapa akajikuta amekaa chini kwenye saruji. Akasema yote bila kupumzika: penseli, wino, majina. "Hakukuachia sufuria, mama mdogo. Alikuachia nyumba, na jiko, na uwanja wote. Mimi ndiye niliyekufukuza. Nipige. Nifukuze na mimi."

Mama mdogo hakumpiga wala hakulia. Aliiweka sufuria chini polepole, akajifuta majivu kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili akamwita mumewe kwa jina lake, mara mbili.

"Na mimi," akasema, "nimemtukana miaka yote hii. Hata kaburini kwake sikwenda."