Mlango wa Gari la Wifi

"Hivi huyo wifi yako, leseni alifundishwa au alipewa zawadi?" jirani aliwahi kumuuliza fundi cherehani, siku wifi alipoparuza uzio wa watu kwa gari lake. Wawili hao walicheka mpaka uzi ukakatika.

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa barazani anashona, akamwona mumewe anakuja na baiskeli yake ya mikate. Wifi alikuwa ameegesha kando ya barabara. Akafungua mlango bila kutazama nyuma. Kona ya mlango ikamdaka mume kidevuni. Akapaa, mikate nayo ikapaa, ila yeye ndiye aliyetangulia kutua.

Sasa kalala wodini, taya limefungwa kwa waya, mkono wa kulia umevunjika sehemu mbili. Daktari hakuficha: mkono usipopasuliwa wiki hii utapinda, na baiskeli ataiona kwa macho tu. Bima ya gari ingegharimia, mradi kosa liwe la gari.

Trafiki akaja na daftari.

"Alikuwa anakimbia kama anafukuzwa na nyuki," wifi akawahi. Yeye ni dereva wa basi la shule. Bila leseni hana kazi.

"Muongo wee!" fundi akasema. "Afande, nimeona kwa macho yangu haya."

"Mama, wewe ni mkewe. Nataka kauli yake."

Mume akainua kidole cha kushoto, akamwelekezea dada yake. Wifi akakidaka, akakikunja kiganjani mwake.

"Anataka maji, maskini."

"Hebu mwachie!" Fundi akampa mumewe kalamu katika mkono uleule. "Andika, baba watoto. Andika alivyofungua mlango."

Wifi akamwinamia, sauti ikisikika wodi nzima. "Mama anakufa, wewe hata meno hujaota. Nani alikutafunia chakula? Nani aliacha shule akubebe mgongoni? Haya, andika. Nimalize."

Kalamu ikaganda hewani. Kisha ikaanza kujikokota, herufi zimepinda kama za mtoto wa chekechea. Trafiki akasoma kwa sauti: "Nilikuwa na kasi."

"Si nilisema mimi?" Wifi akampangusa mdogo wake mate kwa leso, huku anamtazama fundi. "Mke hupatikana popote, wifi yangu. Dada huzaliwa naye."

Fundi akamgeukia mumewe. Mume akafumba macho.

Fundi akachukua mkoba wake, akapita katikati ya vitanda, akatoka.