Kivuli cha Nanyama

Jumatatu asubuhi, mwaka wa 2006, Lornah wa kampuni ya mipango miji alitandaza ramani juu ya boneti ya gari, akaikandamiza kwa mawe manne, akauliza yule mama anayechagua vyuma kule kwenye nyasi ni nani.

"Mke wangu," mzee Wesonga akajibu. "Alikufa tisini na nne."

Lornah akaandika.

Kiwanda cha chuma hapo Uthiru kilikuwa kimefungwa miaka sita. Tanuri liliuzwa, paa likauzwa, hata king'ora kikauzwa. Waliyeshindwa kumuuza ni Nanyama. Kila siku ya kazi alikuja na kitambaa chake kichwani, akachuchumaa palipokuwa na rundo la vyuma chakavu, akatenga: bati huku, nondo kule, na mtungi uliozibwa akautupa mbali kabisa, kwa sababu ukiingia tanurini unalipuka. Alilijua hilo hata akiwa hai. Siku aliyokufa alimwambia msimamizi kuna mtungi umepita, naye msimamizi akamjibu, mama, wewe chagua, kufikiri tuachie sisi. Tanuri likalipuka. Hakikupatikana hata kiatu chake.

Wakubwa hawakosi pa kujificha. Walifungua daftari la mahudhurio wakasema Nanyama hakuja kazini siku hiyo, labda alitoroka na mwanamume. Wesonga akaenda kwao Bungoma, akazika mgomba mahali pa mke, kama desturi yao mwili usipoonekana. Mgomba ulichipua juu ya kaburi ukazaa ndizi zenye ladha ya kutu. Watu walizila tu.

"Sasa unataka nini, mzee?" Lornah aliuliza. "Hapa patakuwa bustani. Bwawa pale, njia ya miguu hapa, nyumba kule nyuma."

"Daftari lisahihishwe. Waandike alikuja kazini."

"Hiyo daftari si yangu. Mimi kazi yangu ni miti na njia."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Wesonga zaidi. Lornah alimwendea Nanyama akamuuliza kwa heshima anahitaji nafasi kiasi gani.

"Kivuli," Nanyama akasema bila kuinua kichwa. "Paa si mmeuza?"

Lornah akachora mti mmoja wa mringaringa, akaipinda njia ya miguu impishe.

Mkutano wa wakazi ulifanyiwa hapohapo, chini ya hema. Mbugua, mwenye nyumba za kupangisha kule mtaa wa Satellite, aliuliza kama yule mama ana kelele.

"Anagonga vyuma kidogo," Lornah alisema.

"Basi aendelee. Wapangaji wangu ni wabaya kumliko, na hao wako hai."

Watu wakacheka. Wesonga alisimama, akaomba liwekwe jiwe lenye maneno machache: Nanyama alikuja kazini, akafia hapa. Mwenye kiwanda, aliyekuwa ameketi mbele kwa kuwa ardhi ilikuwa bado yake, akasema kwa upole, "Mzee wangu, hatuwezi kuandika uongo. Daftari lipo."

"Na yeye yupo. Si huyo hapo?"

Wote waligeuka. Nanyama alikuwa akiutikisa mtungi sikioni. Akautupa mbali.

"Huyo tunamwona, na hatumfukuzi," mwenye kiwanda akasema. "Ila siku ile hakuja."

Wakapiga makofi, maana soda zilikuwa zimefika.

Bustani ilifunguliwa miaka miwili baadaye. Mringaringa ulishika vizuri, na akina mama wa Uthiru walizoea kupumzika hapo, wakikunja miguu Nanyama anapohitaji kupita. Jiwe halikuwekwa. Wesonga alimletea chai kila asubuhi, wakanywa pamoja.

Alhamisi moja ya mvua Nanyama alichelewa. Mungai, msimamizi mpya wa bustani, alimngojea chini ya mti, mikono nyuma.

"Mama, hapa tunaanza kazi saa moja unusu. Usizoee hivyo."

Wesonga alifungua mdomo amtetee. Nanyama akamshika mkono, akamwomba Mungai radhi kwa kuchelewa kazini, akachuchumaa, akaanza kutenga.