Kifua cha Sada na Chetezo cha Mama Mkwe

Watu walikimbia na mtama, wengine na kuku, wengine na watoto mgongoni. Bi Kazija yeye alikimbia na chetezo cha ubani! Kijiji kinawaka nyuma yao, askari wa Mdachi wanachoma hadi maghala, na mama wa watu kakumbatia chetezo kama kichanga.

"Cha Sada hiki," alimwambia kila aliyemshangaa. "Mkwe wangu ana shetani kifuani. Nisipomfukiza, haponi."

Sada aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Tangu aolewe na Nassibu, ambaye sasa yuko vitani na wenzake waliokunywa maji ya dawa, kila magharibi mama mkwe alimfunika shuka gubigubi, chetezo katikati ya miguu, avute moshi mpaka shetani achoke. Na kila usiku kifua kilibana! Kilikuwa kinalia fiii, fiii, kama zumari la ngomani, jirani wa tatu anasikia. Kesho yake Bi Kazija anaongeza ubani.

Sasa wamejificha msituni nyuma ya Kiranjeranje, ndani ya kichaka ambacho ukikohoa tu, mpita njia kakusikia.

"Hakuna kuwasha moto," alisema Mzee Pazi, aliyekuwa anawaongoza. "Moshi ukitokeza juu ya miti, tumekwisha."

"Na Sada je?" Bi Kazija akadakia. "Nisipomfukiza kifua kitalia."

"Kikilia, tumekwisha vilevile."

Kisha Mastura, dada yake Nassibu, mtoto kampakata, akasema, "Basi wifi akakae kule bondeni peke yake. Mimi nina mtoto, jamani."

"Kwani mtoto wako halii?" Bi Kazija akamuuliza.

"Mtoto nikimpa ziwa ananyamaza, mama. Huyu nimpe nini?"

Kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo. Sada hakucheka. Bondeni peke yake, na askari wamezagaa kila njia! Mzee Pazi akajikuna kichwa weee, mwisho akasema, "Alale hapa leo. Kikilia, asubuhi anahama."

Basi Sada akaegemea mti akawa anakisubiri kifua kama mtu anayesubiri kupigwa. Umande ukashuka, na wote husema umande ndio adui wa pumu. Akastukia kumekucha. Kumbe alilala! Kifua chepesi kabisa.

Siku ya pili hivyohivyo. Ndipo akaanza kujiuliza. Amekimbia mchana kutwa, hakubanwa. Amelala chini kwenye umande, hakubanwa. Hata kwenye shamba la pamba la Mdachi, kwenye jua na viboko, hakubanwa. Alikuwa anabanwa akisharudi nyumbani. Sasa nyumbani kuna nini ambacho huku hakuna?

Akageuka kukitazama chetezo, baridi, pembeni ya mama mkwe.

Hapohapo tawi likavunjika njiani.

Askari! Walipita karibu kiasi kwamba Sada aliona tope kwenye buti zao. Mmoja akasimama, akafungua kibuyu, akanywa maji taratibu kama yuko harusini. Na kichakani hakuna aliyemwangalia askari. Wote walikuwa wanakiangalia kifua cha Sada. Mastura kamtia mtoto ziwa, macho kayatoa. Sada akavuta pumzi kwa pua, akaishusha. Akavuta, akaishusha. Hakuna zumari, hakuna chochote. Askari akafunga kibuyu, akawafuata wenzake.

Mzee Pazi alinyemelea kwenda kuangalia. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Wameshavuka mto. Wamekwenda zao."

"Alhamdulillahi!" Bi Kazija akanyakua chetezo. "Shetani kakuhurumia mwanangu! Tukitulia tu, nakufukizia cha shukrani."

"Mama, naomba usinifukize tena. Sio shetani. Ni moshi."

"Moshi? Moshi ndio dawa!" Akamsogezea chetezo puani, na jivu kuukuu likatimka. Sada akapiga chafya, akakohoa, na kwa mbali kifuani, fiii.

"Toa hicho kitu!" Mastura akanong'ona kwa ukali. "Mama, utatuua!"

Bi Kazija akakitupa chetezo vichakani kama kimemchoma. Wakangoja. Ile fiii ikafifia, ikaisha. Bi Kazija akakaa chini puu.

"Kumbe miaka yote shetani ni mimi?"

"Ulitaka nipone, mama."

"Na ubani wenyewe ulikuwa ghali!"

Mzee Pazi alicheka mpaka akalazimika kuuma kilemba. Mastura akasogea kwenye jamvi alilokimbia nalo, akapapasa nafasi iliyobaki. "Wifi, njoo ulale hapa. Na unipokee huyu, mikono imekufa ganzi."

Sada akampokea mtoto, akajinyoosha. Akavuta pumzi moja ndefu, ya kujidai, mpaka tumboni. Ikaingia yote.