Fomu Mbili za Nyumba Moja

Kiwandani walimwita Mama Spana, na jina lenyewe hakupewa kwa mzaha. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa vyerehani mia mbili vya kiwanda cha nguo. Kimoja kikianza kuruka mishono, yeye huinamisha kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Msiisingizie sindano, gia imelika." Wakifungua, kweli, gia imelika.

Bintiye, ambaye kaka zake walimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu, alikuwa amemaliza sekondari na moyo wake wote uko chuo kikuu cha ufundi, kile ambacho kila mwaka watu elfu sita huomba na mia tatu tu ndio huingia. Siku alipoleta fomu nyumbani, mama yake aliisoma mpaka ukurasa wa mwisho, halafu akarudia mistari miwili ya chini.

"Hapa wanasema kuna nafasi kumi za mafundi waliokaa kazini zaidi ya miaka kumi. Mtihani ni uleule."

"Basi chukua fomu nawe ujaze."

"Nijaze nini, mwanangu? Hesabu niliziacha zamani, nazo zikaniacha."

"Ng'ombe hazeeki maini, mama. Jaza!"

Akajaza, nusu kwa utani. Utani ule ukazaa miezi minne ya kusoma. Kila jioni walikaa wawili, Profesa akifundisha kwa ukali ambao walimu wake wenyewe hawakuwa nao. Mama alipokwama kwenye mwendo wa mzunguko, alifumba macho akaliona gurudumu la cherehani likizunguka, akafumbua akaandika jibu. "Umepataje?" Profesa aliuliza. "Nimeliona," mama akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Majibu yalitoka mchana, wakati wa mapumziko ya kiwandani. Mama Spana alifungua simu kwa vidole vyenye oili. Jina lake lilikuwamo. La bintiye alilitafuta kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Wenzake wakapiga vigelegele. Yeye akaomba maji ya kunywa.

Alipofika nyumbani, Profesa alikuwa anaosha vyombo.

"Hongera, mama," alisema, bila kugeuka.

Siku hiyo hawakuzungumza tena, wala iliyofuata. Mama alijiona kama mwizi aliyeiba nyumbani kwake mwenyewe. Siku ya tatu aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la heshima, akaenda chuoni hadi ofisi ya udahili. Karani, mwanamume mwembamba aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, alimpa kiti.

"Nimekuja kumwachia binti yangu nafasi yangu."

Karani alishusha miwani. "Mama, hii si siti ya basi, useme unampisha mwenzako. Wewe umeingia kwa zile kumi za mafundi. Ukiiacha, atachukua fundi mwingine. Binti yako alishindania zile mia tatu." Akafungua kompyuta, akapitisha kidole kwenye kioo. "Amekuwa wa mia tatu arobaini na moja."

"Na mwakani je?"

"Sitakudanganya. Alama zake ni nzuri, lakini mwakani nao watakuja na nzuri zao. Anaweza kupata, anaweza kukosa."

Jioni alimweleza bintiye alikotoka. Hakutarajia hasira ile.

"Nani alikutuma? Ulitaka niingie pale kwa kuonewa huruma? Mimi nimekosa, mama. Basi niache nikose kwa amani!"

"Nilikuwa nakuhangaikia wewe."

"Najua." Profesa aliketi. Sauti yake ikashuka. "Nilipoliona jina lako, nilitamani lisiwemo. Dakika moja hivi. Ndiyo maana nimeshindwa kukutazama."

Mama alivuta pumzi. "Wewe dakika moja. Mimi nimelitamani hivyo siku tatu nzima."

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka kabla ya machozi, kisha vyote viwili vikachanganyika, hata kaka mtu akachungulia mlangoni, akaona hayamhusu, akarudi alikotoka.

Profesa alijiandikisha chuo kidogo cha ufundi, cha miaka miwili, akasema mwakani ataomba tena chuo kikuu. Kama angepata, hakuna aliyejua, na mama yake hakumwahidi lolote.

Siku ya kufungua chuo kikuu, Profesa alimsindikiza mama mpaka getini. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama. Wazazi mwisho hapa. Mwanafunzi ndiye apite."

"Mwanafunzi ni huyu," alisema Profesa. "Leo mzazi ni mimi."

Mlinzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akajikuna shingo na kusogea pembeni. Mama Spana akaingia. Alitaka sana kugeuka, ila aliujua uso wa mwanawe, na alijua kwamba akiuona atarudi. Akaenda mbele, miongoni mwa vijana wa umri wa watoto wake, akiulizia darasa la hesabu liko wapi.

Nje, Profesa alisubiri mpaka gauni la mama likapotea nyuma ya jengo. Akafuta macho kwa kiganja, akamuaga mlinzi, akashika njia.