Mfalme Aliyetoka Nje na Kiti Chake

Niwategee kwanza, ndivyo nilivyozoea: ana nyumba ya dhahabu kichwani, lakini mvua ikinyesha analowa. Mmeshindwa? Ni mfalme huyo, na taji lake. Taji la mfalme wetu lilikuwa bati la kopo la maziwa, nililizungushia kitambaa mwenyewe, maana mimi ndiye fundi cherehani wa kikundi chetu cha maigizo. Na mfalme mwenyewe, siku za kazi, ni fundi bomba.

Siku hiyo tulialikwa shuleni kwa mjukuu wangu, tuwachezee watoto mchezo wa yule Mwingereza wa kale ambaye kitabuni mwao amechorwa na kola pana kama sinia. Wao humwita Babu Kola. Walikuwa wamemsoma muhula mzima na hawampendi, wala siwalaumu. Kumsoma bila kumwona akichezwa ni kama kulamba karatasi ya peremende. Mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, alinipasha mapema: "Bibi, mimi nitasinzia."

"Sinzia, mke mwenzangu. Ila usikorome."

Mwalimu mkuu akasimama mbele ya ukumbi akatoa amri: mikono magotini, midomo imefumbwa, atakayetoa sauti atatoka. Ungedhani ni mtihani. Tukaanza.

Mfalme ana mdogo wake, na mdogo mtu anakitamani kiti. Amevaa joho nililolishonea mfuko wa siri, na humo mfukoni anaficha kisu cha mbao. Watoto walimwona akikificha, mfalme hakuona. Basi akaja, akapiga magoti, machozi ya uongo yanamtiririka. Mfalme akafungua mikono amkumbatie.

"Usimkumbatie!" Chiriku huyo, kasimama juu ya benchi. "Ana kisu, ndani ya joho!"

Sasa, kikundi chetu kina sheria moja tangu enzi za kucheza sokoni: mtazamaji akikusemesha, umjibu. Mfalme gani anaitwa na raia wake halafu anajitia kiziwi? Fundi bomba akageuka. "Nani anamsingizia ndugu yangu wa tumbo moja?"

"Mimi! Mpapase kama huamini!"

Ukumbi ukalipuka. "Mpapase! Mpapase!" Hata waliokuwa wamesinzia.

Mwalimu mkuu akapanda jukwaani, mishipa imemsimama. "Basi! Wewe msichana, nje. Na hurudi mpaka uombe radhi mbele ya wenzako."

Chiriku akashuka benchini. Aligeuka kulitazama jukwaa, maana alikuwa anautaka mwisho wa mchezo ule kama mwenye kiu anavyotaka maji. Neno moja tu, angerudi kukaa.

"Niombe radhi kwa kosa gani, mwalimu? Mtu anauawa, mimi ninyamaze?"

"Ni maigizo tu, mtoto!"

"Mbona wewe umekasirika kweli?"

Akatoka.

"Endeleeni," mwalimu mkuu akatuambia. Mfalme mikono bado wazi, hakumbatii, haishushi. Pembeni mwa jukwaa, nikaitoa sindano mdomoni.

"Mwalimu, muhula mzima unatafuta mtoto wa kumsikiliza Babu Kola. Umempata, unamtupa nje."

"Bibi, wewe kazi yako kushona. Shona."

"Nashona, mwanangu. Lakini kuchezea mabenchi hatuchezi. Mfalme, twende."

Fundi bomba hakuuliza twende wapi. Alikibeba kiti chake cha enzi begani kama anavyobeba mabomba, akateremka. Mdogo mtu nyuma yake, kisu mkononi, kasahau kukificha. Benchi la kwanza likalia, kisha la pili. "Kaeni!" Hiyo tuliisikia. Yaliyofuata yalimezwa na miguu.

Chiriku alikuwa uwanjani, kando ya tangi la maji, anajifuta pua kwa mkono wa sweta. Mfalme akatua kiti mbele yake, juani. "Shahidi wangu, rudia ulichosema."

"Ana kisu."

"Nimekusikia, binti. Lakini huyu nilimbeba mgongoni akiwa mdogo."

Akamkumbatia mdogo wake. Kisu kikaingia, mfalme akaporomoka chini polepole, na uwanja mzima ukanyamaza bila kuamrishwa na mtu.

"Mfalme mjinga!" Chiriku analia kwa hasira. Kisha akamgeukia muuaji. "Na wewe tumekuona!"

"Tumekuona!" Shule nzima. Muuaji, seremala mwenye watoto sita, akarudi nyuma kweli.

Mwalimu mkuu alikuwa ametoka, yuko katikati ya njia. "Kesho msichana huyu aje na mzazi."

"Mzazi ndiye mimi," nikamjibu. "Nitafika kabla ya kengele. Kuomba radhi, haombi yeye wala siombi mimi. Sasa sogea kidogo, mwalimu, mchezo haujaisha, hapo uliposimama wanapita wanajeshi."