Kipokezi cha Zahra

Kila mwanafunzi aliyepita katika karakana ya elektroniki ya chuo kimoja cha ufundi mjini Thika alifundishwa na Mwalimu Gachau kukishika kibao cha saketi kwa kingo zake. Mafuta ya kidole, alikuwa akisema, hayaonekani kwa macho, lakini umeme mdogo huyapitia kama maji yanavyopitia ufa. Aliyelizingatia somo hilo kuliko wote alikuwa Zahra, binti wa mtaa wa Majengo, ambaye mwaka huo wa 1996 alikuwa amerudi chuoni akiwa mwalimu mwenzake. Meza yake iliwekwa mkabala na ya Gachau.

Kazi iliyowashindanisha ilitoka Ruiru. Kiwanda cha kukoboa kahawa kilikuwa kikipeleka vipimo vya mizani ofisini kwa nyaya za shaba, na kila msimu wa mvua radi iliunguza vifaa vya pande zote mbili. Meneja wake, Bwana Kisilu, alinunua kebo ya nyuzi za kioo, inayobeba mwanga badala ya umeme. Kwa bahati mbaya ilikuwa masalio yaliyoungwa vipande vipande, na mwanga uliofika mwisho wake ulikuwa hafifu mno. Alihitaji kipokezi cha kuutambua mwanga huo na kuugeuza tena kuwa tarakimu. Chuo kiliwaruhusu walimu wote wawili wajaribu; atakayefaulu ndiye angesimamia karakana mpya ya mawasiliano ya mwanga. Gachau alikuwa ameiomba karakana hiyo kwa miaka mingi, na kichwani mwake alikwisha kuamua hata kabati lingekaa wapi.

Kipokezi chake kilijaa kisanduku cha bati chenye ukubwa wa redio. Ndani yake nyaya zilikuwa zimefungwa mafungu, kila rangi mahali pake. Cha Zahra kilitoshea kiganjani. Diodi inayopokea mwanga aliichomelea pembeni kabisa mwa amplifaya ya kukuza ishara, miguu yake ikiwa imekatwa hadi karibu iishe, kwa kuwa njia ikiwa fupi, kelele za umeme kutoka mota za kiwanda hukosa pa kuingilia.

Asubuhi ya majaribio Zahra alikwenda kuchukua ufunguo wa gari la chuo. Gachau alikitoa kifuniko cha kile kipokezi kidogo na kutazama ndani. Alitafuta kosa. Alikagua kila kiungo, akaanza upya, na kila alipotazama aliona jambo ambalo yeye mwenyewe angepaswa kulifikiria. Alikuwa ametoka kula mandazi. Alikiweka kidole gumba kando ya rezista kubwa, kizuizi cha umeme kilicho karibu na diodi, akakibonyeza polepole, kisha akarudisha kifuniko.

"Mwalimu, twende," Zahra alisema aliporudi. "Na hata ukifaulu wewe, mimi nitafurahi vilevile."

Maneno hayo yalimuudhi kuliko ambavyo tusi lingemuudhi.

Ruiru ilikuwa na ukungu wa Julai, na kuta za kiwanda zilikuwa zimelowa. Kisilu aliwapokea akisugua mikono mbele ya hita ya ofisi.

"Karibuni, karibuni! Haya, nani ataanza? Mkubwa ama mdogo?"

"Mkubwa aanze," Zahra alisema. "Ndiye aliyenifundisha."

Mota za kukoboa ziliwashwa. Vipimo kutoka mizani vilianza kuonekana katika kipokezi cha Gachau, kimoja baada ya kingine, hadi gunia la kilo sitini likasomeka tisini na mbili.

"Gunia limenenepa njiani!" Kisilu alicheka. "Lakini si mbaya. Inaongea."

Kisha kikaunganishwa cha Zahra. Mstari kwenye skrini ya osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme, ulianza kupanda taratibu, ukafika juu, ukakwama pale. Hakuna tarakimu iliyotokea.

"Madam, hii imelala ama imekufa?"

"Nipe dakika, Bwana Kisilu." Alibadilisha betri. Alikagua kiungo cha kebo. Mstari haukushuka. "Jana ilifanya kazi vizuri."

"Jana ilikuwa Thika. Hapa ni kwetu." Kisilu alitikisa kichwa. "Si kwa ubaya, Madam, lakini kitu kidogo hivyo mimi nilikishuku tangu mwanzo. Nitachukua ya Mwalimu. Magunia yanenepe tu."

Gachau alisikia utamu mwili mzima. Ndipo Zahra akamgeukia.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Labda nimekifanya chepesi kuhisi kupita kiasi. Labda mpango wenyewe haufai, ni afadhali niuache kabisa."

Alikuwa ametamani kuyasikia maneno hayo kwa miezi. Sasa yalikuwa yamesemwa, na yalikuwa ya uongo. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumwacha mwanafunzi aondoke darasani na sababu isiyo ya kweli.

"Osha kibao," alisema.

"Nilikiosha jana kwa spiriti. Sijakigusa tangu hapo."

"Osha tena. Hapo, kushoto kwa rezista kubwa, karibu na mguu wa diodi."

Zahra alichovya brashi katika spiriti, akasugua mahali hapo, akakikausha kibao mbele ya hita. Alipokiunganisha, mstari ulishuka hadi chini. Kisha mapigo ya mwanga yakasimama juu yake, wima, yakiwa yameachana sawasawa, ingawa mota zilikuwa zikinguruma nyuma ya ukuta. Gunia la sitini lilisomeka sitini. Lililofuata nalo likasomeka sawa.

"Ngai! Imefufuka!" Kisilu alipiga meza. "Madam, ndiyo hii. Mwalimu, utanisamehe."

Zahra hakucheka. Alikuwa akimtazama Gachau.

"Kifuniko kilikuwa kimefungwa," alisema kwa sauti ya chini. "Umejuaje kuwa ni kushoto?"

Angeweza kutaja uzoefu. Angeaminiwa, na hata Zahra huenda angejilazimisha kuamini.

"Nilikishika asubuhi, ulipokwenda kuchukua ufunguo."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Mota ziliendelea kunguruma. Kisilu, ambaye hakuwa amesikia lolote, aliegemea meza. "Sasa, nani atakuja kufunga kazi hii? Nyote wawili?"

"Mimi," Zahra alisema. "Peke yangu."

Akageuka kuandaa vifaa vyake, wala hakumtazama tena. Gachau alibaki mbele ya osiloskopu. Mapigo yalikuwa yakipita kwenye skrini, safi, bila tone la kelele, na hata wakati huo, aibu ikimchoma usoni, alichotamani ni kwamba yangekuwa yake.