Ishirini ya Kila Mtu

Kadi ya fundi viatu ilikuwa ya thelathini na moja asubuhi ile, na kwenye mstari wa pumzi mama mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliandika ishirini, kama alivyoandika kwenye zile thelathini zilizotangulia.

Joto alipima. Presha alipima mara mbili, maana masikio yake ya miaka hamsini na mbili hayakuamini yalichosikia. Lakini kuhesabu pumzi kunataka dakika nzima ya kumtazama mtu kifua, na foleni ilishafika mlangoni. Vijana aliosoma nao darasa la jioni walimwonya mapema kwamba pumzi ya kila mtu ni ishirini, aandike tu asonge mbele. Walimwita Bibi Daftari, kwa kuwa alinakili kila kitu cha mwalimu, hata kikohozi chake.

Fundi alikuwa mzee mkavu, anakohoa siku ya nne. Akikunja mkono wa shati, alitazama miguu ya yule mama.

"Mwanangu," alisema, "hicho kiatu... kinacheka peke yake... kilete kwangu... nikifumbe mdomo."

Mama akacheka. Akaandika ishirini.

Wakati wa chai aliingia stoo ya mashuka kusali. Miaka kumi na tisa alikuwa mfuaji wa hospitali hiyo, na kona ile, kati ya rafu mbili, ndimo alimoombea kila jambo la maisha yake. Leo alikuwa na ombi kubwa. Ilikuwa siku ya mwisho ya mazoezi, na fomu yake ilikuwa mezani kwa muuguzi mkuu ikingoja sahihi. Bila sahihi hakuna mtihani. Bila mtihani ni kurudi kwenye sabuni iliyomla vidole.

Alipiga magoti, akafumba macho. Maneno ya sala hayakuja. Kilichokuja ni ule utani wa kiatu, umekatika vipande vinne.

Mzee hakuwa akisita kwa madaha. Alikuwa akitafuta hewa.

Alitoka bila kusema amina.

Daktari alikuwa ameshasoma kadi, akaona ishirini, akaandika dawa ya kikohozi. Mbele ya dirisha la dawa, benchi lilijaa watu wengine. Mama aliuliza alikokwenda yule mzee; mtu mmoja akaonyesha lango kwa kidevu. Alikimbia, kiatu kikipiga makofi sakafuni, huku akimwambia Mungu neno moja tu: bado, bado, bado.

Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nje, chupa ya dawa mapajani, viganja magotini.

"Napumzika kidogo," alisema.

Mama aliketi kando yake, akamshika kifundo cha mkono. Mwalimu aliwafundisha: jifanye bado unahesabu mapigo, lakini macho yawe kifuani, kwa sababu mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huzibadilisha. Alitazama saa. Alitazama kifua. Kati ya mbavu, ngozi ilikuwa ikinywea ndani kila hewa inapoingia. Alipofika ishirini, dakika ilikuwa imefika nusu tu. Hakuacha.

Thelathini na nane.

Alimpakia kwenye kiti cha magurudumu, akamrudisha ndani. Muuguzi mkuu, wa rika la binti wa pili wa Mama, alisikiliza kifua cha mzee, akamfunga barakoa ya oksijeni, akatuma mtu kumwita daktari. Kisha akainua kadi.

"Hapa pameandikwa ishirini, Mama."

Angeweza kusema hali ilibadilika ghafla. Maneno hayo yalikuwepo, tayari mdomoni.

"Sikuhesabu, Sista. Niliandika tu."

"Wangapi?"

"Wote."

Muuguzi mkuu hakupaza sauti. Alikwenda mlangoni, akaagiza wote wa asubuhi ile waliokuwa bado kwenye foleni na mabenchi warudishwe, na waliokwisha kuondoka wapigiwe simu. Aliporudi alichukua ile fomu mezani, akaitazama, akaisukuma bila kuitia sahihi chini ya sinia la vipimajoto.

"Kaa naye. Kila robo saa uniletee hesabu. Ya kweli."

Mama akavuta kigoda, akamshika mzee mkono uleule. Nje, mabenchi yalikuwa yakiburuzwa na majina yakiitwa. Ukungu ulitanda ndani ya barakoa, ukatoweka, ukatanda tena.

Fundi alifungua jicho moja. "Unaniombea... au unanihesabu?"

Swali lilimpotezea hesabu. Alingoja mshale wa sekunde upande mpaka juu kabisa, akatazama kifua kikiinuka, akaanza upya.

Moja.